Hasira ya Kweli, Anwani ya Uongo

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya kikao cha walimu, vijana na viongozi wa dini. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Mwenyekiti wa kikao, masheikh wetu, mapadre na wachungaji, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu: Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Na wale wa habari za jioni tu, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Njoo utueleze kwa nini watu wanachukiana." Nikamjibu kwamba hilo siliwezi, hilo lina wenyewe, na wengine wao wameketi hapa safu ya mbele wamevaa kanzu na kola. Mimi naweza jambo dogo zaidi. Uchungu ukishakuwa moyoni mwa mtu, ni nani huja kuuchukua, huupeleka wapi, na hurudi na nini mfukoni? Hilo nimeliona kwa macho yangu, kwa sababu nimekula mshahara wa redio miaka mingi, na redio ni mahali pazuri pa kusikiliza watu wakikasirika.

Wangapi hapa walipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010? Inueni mikono. Haya, naona nusu ya ukumbi walikuwa bado wanavaa kaptula za shule. Basi nyinyi wa nyuma sikilizeni, maana mambo yale yatawarudia kwa sura nyingine.

Mwaka ule tuliulizwa swali moja: mnaitaka katiba mpya ama hamuitaki? Kijani ndiyo, nyekundu la. Upande wa kijani alisimama Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga. Upande wa nyekundu alisimama William Ruto, ambaye wakati huo alikuwa waziri katika serikali hiyo hiyo, pamoja na Rais mstaafu Moi na viongozi wa makanisa mengi makubwa. Na katiba yenyewe ilibeba mambo mazito. Kaunti 47. Seneti. Haki za raia. Na sura nzima ya ardhi, iliyosema mgeni asipewe ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu anaweza kumiliki. Hebu mfikirieni bwana mwenye maelfu ya ekari akisoma sentensi hiyo usiku, peke yake, taa imewaka.

Sasa niambieni nyinyi mlioinua mikono. Kule mikutanoni, mlisikia watu wakigombana kuhusu ekari? Matatuni, kanisani, msikitini, sokoni, tuligombana kuhusu ekari? Tuligombana kuhusu mambo mawili: kadhi na mimba.

Hilo la mimba nitalipita, kwa sababu waliolikataa kwa dhamiri yao walikuwepo, nawajua, na walikuwa na haki yao. Niseme tu kwamba ibara ya 26 inasema wazi kuwa uhai huanza mimba inapotungwa, na inakataza kuitoa ila kwa dharura, ama maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, ama sheria nyingine ikiruhusu. Mtu anaweza kuisoma akaikataa. Lakini wengi hawakusomewa. Waliambiwa.

Hili la kadhi ndilo nataka tukae nalo. Ibara ya 170 ni fupi. Inasema kutakuwa na Kadhi Mkuu na makadhi wengine, na mahakama zao zitaamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele ya kadhi. Wote ni Waislamu. Na wote wamekubali. Mkristo wa Eldoret au Machakos hafiki kwa kadhi hata akitaka mwenyewe, atarudishwa mlangoni kwa heshima.

Na makadhi hawakuja na katiba ya 2010. Walikuwepo kabla Kenya haijawa Kenya. Ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza akiusimamia kwa mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakapatana kwa barua: mwambao utaingia Kenya, na makadhi watabaki na kazi yao. Katiba ya uhuru ikaliandika. Zaidi ya miaka arobaini makadhi waliamua mirathi za watu wa Lamu, Mombasa na Nairobi, na hakuna aliyehama nchi kwa sababu yao.

Kilichofanya 2010 kadhi awe tishio ni nini?

Mwaka ule nilikuwa na kipindi cha asubuhi. Wasikilizaji wanapiga simu, na fundi mitambo, nyuma ya kioo, ananionyesha kwa vidole simu ngapi zinasubiri. Ukitaja kaunti, kidole kimoja. Ukitaja Seneti, anakuna kichwa. Ukitaja kadhi, anaacha kuhesabu na kunyanyua mikono yote miwili.

Asubuhi moja akaja hewani mzee mmoja, sauti nzito, akasema kadhi akiingia katika katiba yeye hana tena nchi. Nikamwuliza, "Mzee wangu, kadhi amewahi kukukosea nini?" Akanyamaza. Akasema, "Kadhi mimi simjui." Nikamwuliza, "Sasa hasira yote hii ni ya nini, mzee?" Hapo akafunguka. Ana shamba, amelilima tangu ujana wake, na hana hati. Kila akienda ofisi ya ardhi anaambiwa faili halionekani, arudi Jumanne. Mwanawe amemaliza chuo, anaendesha bodaboda ya mtu. Halafu akapaza sauti: "Na hawa wanapewa mahakama yao, mimi hata faili langu sipewi!"

Ndugu zangu, nimebeba sentensi hiyo tangu siku ile. Mzee hakuwa mjinga. Mzee hakuwa mbaya. Kila alichokisema kuhusu maisha yake kilikuwa kweli: shamba kweli, faili kweli, Jumanne kweli. Kilichokuwa cha uongo ni mahali alipoelekezwa. Hasira ya kweli, anwani ya uongo. Mtu alimpokonya barua yake mkononi, akafuta jina la ofisa wa ardhi, akaandika jina la kadhi, kisha akamwambia: haya, itume kwa nguvu.

Na aliyefuta jina alipata nini? Alipata mzee mwenye hasira ambaye haulizi habari za ardhi. Mnaona raha yake? Katika jukwaa moja unakuta skwota, yaani mkazi asiye na hati ya ardhi anayokalia, na bwana mwenye maelfu ya ekari, wote wamevaa nyekundu, wote wanamkemea kadhi, na wale wawili hawana nafasi ya kutazamana.

Mwanasiasa akikuahidi maji, utafungua mfereji uone kama yanatoka. Akikuahidi barabara, utaipita kwa miguu yako uone kama ina lami. Lakini akikuahidi kukulinda na kadhi, utafungua nini? Utapita wapi? Ahadi ya namna hiyo haina siku ya kukaguliwa, na haimo katika bajeti ya mtu yeyote. Ndiyo maana vita vya dini, mavazi, mila, nani mwenyeji na nani mgeni, havikauki. Ni siasa rahisi kuliko zote kuendesha. Malipo yake hulipwa na wengine: tarehe 13 Juni 2010, kwenye mkutano wa maombi wa waliopinga katiba pale Uhuru Park, milipuko ilitokea na watu wakafa. Walikuwa wameenda kuomba.

Kura zikapigwa. Kijani kikapata zaidi ya kura milioni 6, na tarehe 27 Agosti katiba ikaanza kazi. Na kadhi je? Nawauliza, na kadhi je? Siku iliyofuata, wiki iliyofuata, mwaka uliofuata, nani alimtaja tena? Viongozi waliotuambia nchi imekwisha waligombea vyeo chini ya katiba hiyo hiyo. Bwana Ruto aliapa kuilinda akiwa Naibu wa Rais mwaka 2013, akaapa tena akiwa Rais mwaka 2022, kadhi akiwemo ndani. Simlaumu kwa kuapa, sheria ndiyo hiyo. Nauliza tu ile hofu ilikwenda wapi. Hofu ya kweli haipotei kwa sababu kura zimehesabiwa. Na ile sheria ya kiwango cha juu cha ardhi, muulizeni mbunge wenu amefika nayo wapi.

Sasa naona Wapwani wenzangu wanatabasamu. Mnasema, huyo mzee wa bara kadanganywa, sisi tunajua. Msitabasamu bado. Wazee wa Likoni mlioko hapa mnajua ninakokwenda.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari sita na kuchukua bunduki. Kutoka hapo likaingia kwenye vibanda na nyumba za watu wa bara. Vipeperushi viliwaambia waondoke. Ghasia zile zilipotulia, zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa na takriban 100,000 wamehama. Maelfu walijazana katika kanisa Katoliki la Likoni, watoto wamelala juu ya mabenchi. Wengine walisukumana kuingia feri na godoro kichwani.

Je, malalamiko ya Mpwani yalikuwa uongo? La, hata kidogo. Nani hapa hana jamaa anayeitwa skwota juu ya kaburi la babu yake? Nani hana kijana aliyepeleka barua bandarini mpaka soli ikatoboka? Malalamiko yalikuwa ya kweli tupu. Wale vijana waliapishwa na waganga, wakafunzwa katika msitu wa Kaya Bombo, wakaahidiwa majimbo, ardhi na kazi. Kisha wakapewa anwani. Anwani ilikuwa nini? Mama wa Kikamba anayeuza sukuma wiki. Kinyozi Mjaluo. Mpangaji Mkikuyu katika chumba kimoja.

Nataka mnijibu kwa sauti. Waliochukua ardhi ya Pwani, walikuwa wanauza sukuma wiki Likoni?

(Ukumbi: La!)

Walikuwa wanauza sukuma wiki Likoni?

(La!)

Walionyakua fuo hawakuguswa hata ua la bustani. Hawakuwa Likoni, na hati zao hazikuwa Likoni. Aliyeguswa ni jirani, kwa sababu jirani ndiye aliye karibu na mkono. Halafu watalii wakakimbia, hoteli zikafunga milango, na walioachishwa kazi ni nani? Mpishi wa Msambweni, mfua shuka wa Diani, mvuvi aliyekuwa anapeleka kamba na changu jikoni hotelini. Sisi wenyewe. Desemba mwaka huo huo ukafanyika uchaguzi, na waliohamishwa hawakuwepo pale walipojiandikisha kupiga kura. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia zile, ikataja wakubwa, na ripoti ikakaa kabatini mpaka 2002. Wale vijana wa msituni walioahidiwa mashamba, mimi sijamwona hata mmoja mwenye shamba. Kama yupo, anione baada ya kikao.

Kwa hiyo msiniambie hili ni tatizo la watu wa bara, au la Wakristo, au la wasiosoma. Wamarekani wamesoma, na tazameni yao.

Agosti 2016 mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Colin Kaepernick wa timu ya San Francisco, alibaki kitini wimbo wa taifa ulipopigwa. Alisema anapinga polisi kuwaua watu weusi. Wengi wakakasirika. Mwanajeshi mstaafu wa kikosi maalumu, Nate Boyer, naye alikasirika, lakini aliandika barua ya wazi isiyo na tusi. Wakakutana, wakaongea. Boyer akamshauri asikae, apige goti, kwa sababu wanajeshi hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Tarehe 1 Septemba Kaepernick akapiga goti, na Boyer akasimama kando yake, mkono kifuani. Watu wawili waliotofautiana wamekutana katikati, kila mmoja na heshima yake.

Sasa hiyo kisiasa ina faida gani? Haina. Jambo lililopatanishwa halileti mtu jukwaani. Mwaka uliofuata, Rais Trump akiwa Alabama aliwaambia wenye timu wamfukuze uwanjani kila apigaye goti, akamwita mchezaji wa namna hiyo kwa tusi la mama, na umati ukalipuka kwa shangwe. Tangu hapo nani aliuliza tena habari za polisi? Swali likawa: unaipenda bendera au huipendi? Na swali la namna hiyo halina jibu la katikati.

Na upande wa pili nao una dhambi yake, tena ni hii ya watu kama sisi tunaopenda semina. Septemba hiyo hiyo ya 2016, kwenye hafla ya kuchangisha fedha New York, Hillary Clinton alisema nusu ya wafuasi wa Trump unaweza kuwatia katika kapu moja la watu wasiofaa. Waliokuwepo wakacheka. Kesho yake akasema anajutia kusema nusu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wafuasi wa Trump wakalichapisha kwenye fulana, wakalivaa kama nishani. Aliyewadharau alimfanyia mpinzani wake kazi bila malipo.

Sisi wa kijani 2010 tulikuwa na kapu letu. Kila mwenye swali tukamwita tikitimaji: kijani nje, nyekundu ndani. Aliyesimama waziwazi na nyekundu tukasema hajasoma. Mwaka 2022 watu wakacheka wilbaro, alama ya chama cha Bwana Ruto, kwamba hiyo nayo ni sera? Na aliyekuwa anasukuma wilbaro Kongowea tangu saa kumi alfajiri alisikia kicheko kile. Unadhani alielekea wapi?

Nimalizie na hili la wataalamu, maana vijana mnadhani hisia za mitandaoni huzuka zenyewe. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha picha zilizochukuliwa kwa siri za wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica. Mmoja wao, Mark Turnbull, alisikika akisema hakuna faida kupigania uchaguzi kwa hoja, kwa sababu yote ni hisia. Akajigamba kuhusu kazi waliyofanya katika chaguzi zetu za 2013 na 2017. Zetu, wapendwa. Kampuni ilitangaza kufungwa Mei mwaka huo huo, ila kazi yenyewe haikufungwa. Kuna mtu ameketi ofisini yenye kiyoyozi anapima ni kitu gani kitamnyima usingizi mama wa Kisauni, na analipwa vizuri kuliko mwalimu yeyote humu.

Lakini niwape haki yenu vijana. Juni 2024 mlifanya jambo ambalo sisi hatukuliweza. Mlisoma Mswada wa Fedha. Mliutafsiri kwa lugha zetu, mkauweka kwenye simu, kifungu kwa kifungu: mkate asilimia 16, gari asilimia 2.5. Ile ya mkate na ya gari iliondolewa kabla hata hamjafika Bungeni. Tarehe 25 mkafika, wenzenu wakauawa kwa risasi, Mungu awarehemu, na tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi. Wazee tulishangaa. Hakuna aliyeuliza nani Mdigo nani Mkisii. Hasira ilikuwa na anwani yake sahihi, namba ya kifungu na jina la mwenye mlango.

Ilichukua muda gani kabla anwani haijaanza kufutwa? Miezi tu. Kufika Oktoba mwaka huo tulikuwa tumerudishwa kwenye masomo ya zamani: mlima, yaani watu wa Mlima Kenya, umeonewa, bonde, yaani watu wa Bonde la Ufa, linakula, nani ana hisa nyingi serikalini na nani hana. Na baadhi yenu, wale wale mliosoma mswada, nikawaona mtandaoni mnatukanana makabila. Mkate ukasahaulika.

Uchaguzi wa Agosti 2027 si mbali. Watakuja na kadhi mpya. Sijui atakuwa nani safari hii: labda mkimbizi wa Kisomali, labda msichana aliyevaa suruali, labda mchungaji fulani, labda Mbara, labda Mpwani. Mkisikia damu imepanda, mshikeni aliyewapandisha mumwulize swali la mfereji: hili ukishinda, nitafungua nini nione? Asipojibu, mrudisheni kwenye faili la ardhi. Mrudisheni hapo hapo kila akitoroka, Jumanne kwa Jumanne.

Na jambo moja ambalo ni zito kwangu kulisema hapa Mombasa, kwenye ukumbi ambao najua uliegemea wapi. Mzee yule wa redioni hakuna aliyemsikiliza baada ya kura. Kijani tulisherehekea, nyekundu walinyamaza, na faili lake halikuonekana. Makasisi waliopinga kwa nia njema walichekwa, wakaondoka na uchungu wao, na uchungu huo upo, unangoja mchukuzi. Nimehudhuria vikao vingi vya namna hii, na kila mara tunaalikana sisi kwa sisi, tunakubaliana, tunakunywa chai na mahamri, tunakwenda nyumbani.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Maikrofoni iko pale kwa yule kijana mwenye shati jeupe. Namwomba asimpe mtu yeyote kwanza mpaka tumpate mmoja aliyepiga kura nyekundu mwaka 2010. Najua mpo. Yule mama pale kwenye nguzo, nimekuona ukitikisa kichwa tangu nilipoanza. Njoo, mama, uanze wewe.